Mtu Asiwaambie Jikazeni

Sikilizeni wanangu, na wewe kifungua mimba wangu weka hiyo simu chini, mteja atasubiri, asiye na muda ni mimi. Msinikatize, nitasahau nilipofika. Anayetaka kubisha abishe nikishamaliza, ingawa sidhani kama atapata wa kujibizana naye.

Naanza na mali, maana najua kuna mtu hapa roho juu. Nyumba ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Kiwanda cha kushonea, cherehani zote sita, pasi, meza ya kukatia na wateja wake, namwachia kitinda mimba. Msishtuke. Najua miaka kumi na saba kaka yake ndiye anayefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, na najua mtaani watasema bibi kizee amechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Mwanangu, mkeo ameniambia kwamba wiki iliyopita ulianguka juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, ukawadanganya mafundi kuwa umeteleza, ukanawa uso ukaendelea kukata suruali. Daktari anasema presha yako ni ya mzee wa miaka sabini, nawe una thelathini na tisa. Ugonjwa huo hukuuokota barabarani. Umeurithi kwangu, tena si kwa damu, ni kwa kunitazama.

Siku baba yenu alipofariki, jirani aliniletea habari kiwandani saa sita mchana. Nilikuwa na mashati kumi na mawili ya walinzi, yanatakiwa kesho yake. Nikasema, "Nimesikia," nikarudi kukanyaga cherehani. Wewe ulikuwa na miaka minane, umetoka shule, unanitazama uso. Nikapiga moyo konde, nikashona mpaka jioni, na watu wakipita mlangoni wakanong'ona kwamba yule mama ni chuma, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Ambalo sijamwambia mtu mpaka leo ni kwamba mashati yote kumi na mawili niliyashona mikono imebadilishana, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia, kosa ambalo hata fundi wa mwezi mmoja halifanyi. Shati likitundikwa huoni kitu, ila mtu akilivaa na kunyoosha mikono mbele, mabega yanambana. Baada ya mazishi niliyafumua peke yangu, nikayashona upya, nikanyamaza. Kichwa kikaniuma miaka mitatu, nikapata vidonda vya tumbo, usingizi ukanihama, na kila likinifika jingine mimi naongeza oda. Nilidhani kazi inanisahaulisha, kumbe inaniahirishia tu.

Shangazi yenu siku ile aligaragara uani, akalia mpaka sauti ikakauka, akakumbuka kila utani aliowahi kutaniana na kaka yake, na mimi nikamwambia mbele za watu aache maigizo. Tukanuniana miaka kumi na moja. Lakini baada ya miezi michache yeye alikuwa anakula, analala, anacheka. Nilimwonea wivu, nikaufanya dharau. Nendeni mkamwombe radhi, mwambieni wifi yake amekiri.

Ndiyo sababu kiwanda kinakwenda kwa huyu mdogo, ambaye sote tulimwita Redio, tukimcheka kwamba hawezi kukaa na jambo moyoni hata nusu saa. Kazi ikimzidi anasema imemzidi. Anampigia mteja, anaomba siku mbili. Akiudhika analia huko chooni, akitoka anauliza chai iko wapi. Wewe kaka mtu utakata vitambaa, maana hakuna mkono kama wako, na saa kumi jioni unaweka mkasi chini unakwenda kuwaona wanao. Sikunyang'anyi. Nakupenda, na nataka wanao wakuzike ukiwa mzee.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Nikiondoka, kiwanda kifungwe siku saba, hata kama kuna harusi ya mkubwa gani. Na mtu asiwaambie jikazeni. Atakayesema, mshikeni mkono kwa adabu, mpelekeni nje akapange viti. Lieni. Chekeni pia, mkikumbuka nilivyokuwa mkorofi kwa fundi aliyeshona kifungo upande.

Mungu awape usingizi mzuri, wanangu. Awape mtu wa kumwambia. Awape... ngojeni, pumzi... awape kupendana, msioneane haya.

Mwanangu, nakuona unavyokunja pindo la shuka langu, unalipima kwa kidole. Liache. Nishike mkono. Siku ile... sikukushika. Mtoto wa miaka minane, na mimi nikaona umetulia, nikajua una nguvu. Hukuwa na nguvu. Ulikuwa unanisubiri mimi... nianze kulia.

Haya. Naanza... ona machozi yangu. Na wewe, mwanangu, yanakutoka.