Madawati Yamekwenda Wapi

— Mchwa wanakula chuma tangu lini, wewe?

— Wanaanza na mbao. Chuma wanamalizia.

— Basi mbona baiskeli zako hawajazigusa?

Ndivyo walivyoanza asubuhi hiyo, sijamaliza hata kupepea mkaa. Aliyewasingizia mchwa ni fundi baiskeli, tunamwita Spoku. Aliyebisha ni Asilimia, dalali wa nyumba. Katikati yao hukaa Hoja, kinyozi ambaye wateja wake humsubiri na povu mashavuni. Kijiwe chetu kiko mbele ya mlango wa mama yangu, muuza kahawa, na wote watatu hubanana kwenye benchi moja la zamani lililoungana na meza yake. Meza yenyewe imeinama, kwa hiyo kila kikombe huwekewa kizibo cha soda upande wa chini kisiteleze. Ugomvi ulitoka redioni: mkurugenzi mpya wa shule za jiji ameanza kazi, amekuta madawati chungu nzima hayapo na watoto wanakaa sakafuni.

Mimi nilitega sikio kuliko wote. Niliacha kidato cha pili mama alipougua. Alipopona, mwalimu mkuu aliniambia nafasi ipo, ila pa kukaa hapana. Siku nitakayokuja na dawati, nitaingia.

HOJA: Mimi namwonea huruma huyo mama mkurugenzi. Walimu wanataka nyumba, wazazi wanataka matokeo, vyoo vinataka milango. Na bado hajaketi.

SPOKU: Aketi wapi? Madawati si hayapo!

ASILIMIA: Yameuzwa. Kuna ukumbi wa harusi huko, wageni wanakula wali mbele ya tundu la wino.

HOJA: Uliona?

ASILIMIA: Lisemwalo lipo, na kama halipo, liko ukumbini.

SPOKU: Nyie hamjui. Ardhi ya shule ile ni laini. Watoto wameshiba, wanakaa, dawati linazama kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

MAMA: Watoto gani hao walioshiba, shemeji?

HOJA: Niachieni mimi. Madawati yamevuka mpaka.

ASILIMIA: Kwa miguu?

HOJA: Si yana minne? Huko yanapakwa rangi ya buluu, halafu yatarudi kama msaada. Sisi tutapiga makofi, mkurugenzi atakata utepe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

SPOKU: Hapo sasa umesema. Mama, mwongezee huyu kahawa.

Wakati nakwenda kuleta birika, alifika mama mmoja mnene, viatu vyake vimejaa vumbi la kutembea. Alisalimu, akaomba kikombe. Hoja akasogea kiungwana, na mama wa watu akajibana pembeni. Hakujua habari ya kizibo. Kikombe kikateleza. Akakidaka, akainama kutazama chini ya meza, akapapasa kirafu cha chini, kama cha kuwekea daftari, ambamo Spoku huweka gundi yake.

— Samahani, jamani. Hili dawati mlilitoa wapi?

Asilimia akatazama mawingu. Spoku akainuka taratibu, kama mtu aliyegundua amekalia yai. Nikamtazama mama yangu, naye akanitazama mimi, maana hata sisi tulipopata kona hii tulilikuta, na miaka yote tuliliita benchi.

HOJA: Tulilikuta.

— Kwa nani?

Hoja akamtazama Spoku. Spoku akamtazama Asilimia. Huyo alikuwa bado mawinguni.

Mgeni akamaliza kahawa yake, akalipa.

— Mimi ndiye niliyetangazwa redioni. Nimetoka kuhesabu madawati shule ya hapo jirani. Asanteni kwa kahawa.

Akaenda zake. Wale watatu walikunywa kilichobaki wakiwa wima, jambo ambalo kijiweni kwetu halijawahi kutokea.

Kesho yake nilivaa sketi yangu ya shule, imekuwa fupi. Walilibeba wenyewe lile dawati: Hoja mbele, Asilimia na Spoku nyuma, wakigombana njia nzima nani alikuwa wa kwanza kulikalia. Tulipofika darasani, mwalimu akatoka mlangoni. Akatazama alama za vikombe mezani. Akanusa. Akanitazama mimi, kisha akawatazama wao, jasho linawatiririka.

— Binti aingie. Nyinyi watatu nendeni mkalete mengine.