Bi Lavonne Kubicek na Ukuta wa Kahawia na Buluu

Miaka thelathini na minne na miezi tisa: huo ndio utumishi wa Bi Lavonne Kubicek, karani wa mitihani na takwimu wa Wilaya ya Shule ya Brodek, Nebraska, anayestaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Mimi, Roz Machal, mpishi wa shule, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu wenzangu wanaojua kuandika wote wanamwogopa.

Alikuja Septemba 1989 kupokea simu kwa wiki sita, akimshikia nafasi dada aliyekwenda kujifungua. Mtoto yule leo ana watoto wawili. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha Bi Lavonne kwamba wiki sita zimekwisha.

Katika wiki ya saba aligundua kwamba matokeo ya mitihani ya jimbo huletwa kwa posta, husainiwa na kusukumwa kabatini. Akayatoa, akayabandika ukutani nje ya jiko langu kwa karatasi za rangi: buluu ni sisi, kahawia ni wastani wa jimbo zima. Tangu siku hiyo hakuna mtu Brodek aliyekula chakula cha mchana kwa amani. Baba anayeleta mtoto aliyesahau daftari husimama pale dakika kumi, kofia mkononi, akiutazama ule ukanda wa buluu kama vile anatazama bei ya mahindi.

Shida yetu ni uchache. Darasa la tano mwaka huu lina watoto kumi na mmoja. Mmoja akiamka na mafua, wilaya nzima inashuka. Tena mitihani huja wakati ng'ombe wanazaa, watoto wanatakiwa zizini, na wasiofanya mtihani wakizidi wachache, wanahesabiwa sifuri. Kwa hiyo Bi Lavonne aliamuru kwamba siku za mtihani nipike maharage ya nyama na pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini yenye sukari juu, chakula ambacho mtoto wa hapa hawezi kukikosa hata akiwa na homa. Nilipolalamika kwamba kukanda unga wa shule nzima kutanivunja mgongo, alinijibu, “Wewe kanda, Roz. Watoto niachie mimi.” Mwaka 1997 alimleta binti mmoja moja kwa moja kutoka zizini, viatu vya mpira vimejaa matope, akamkalisha mbele ya karatasi ya hesabu. Harufu ilikaa darasani hadi Jumatatu. Binti alifaulu.

Sasa nifike mahali ambapo mwenyewe angependa niparuke.

Masika ya 2009 tulikuwa tukingoja kura ya kuunganishwa na jirani zetu wa Westerhall. Kuunganishwa maana yake shule yetu ifungwe, watoto wapande basi saa nzima, na sisi wote twende nyumbani. Kabla ya kura, gazeti likapanga wilaya zote za jimbo kwa matokeo ya mitihani ya 2008. Brodek ikawa ya tisa. Ya tisa, jimbo zima! Kinyozi alinyoa bure siku mbili. Bango la namba tisa lilitundikwa barabara kuu, na waliotaka tuunganishwe wakanywea.

Bi Lavonne peke yake hakucheka. Alijifungia na majina, akahesabu mara nne, akapata kosa, na kosa lilikuwa lake. Nyumba ya akina Hruska ipo mpakani kabisa. Kiangazi cha 2007, Bwana Hruska aligombana nasi kwa sababu ya njia ya basi, akang'oa sanduku lake la barua, akalisimika ng'ambo ya barabara, ambako anwani ni ya Westerhall, na watoto wake watano wakawa wa Westerhall. Lakini Bi Lavonne alikuwa amewaandika akina Hruska kwa miaka mingi kiasi kwamba mkono wake uliwaandika tena wenyewe. Na watoto wale wana akili za kutisha. Ukiwaondoa, Brodek ilikuwa ya mia moja na kumi na nane.

Zilibaki siku nane. Mkuu wa wilaya wakati huo, Merle Ostrander, alimsihi mbele yangu jikoni: “Lavonne, nakuomba, siku nane tu! Ukishapita uchaguzi, sema utakacho.”

“Halafu nibandike uongo wangu pale ukutani kila mwaka?” alisema. “Merle, mimi napita pale kwenda chooni.”

Alisimama kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu mbele ya mji mzima, akataja namba, akataja kosa, akaketi. Nilikuwa na hasira naye, naandika wazi, na kwa siku nane sikumpa mkate wa mdalasini. Wengi hawakumsalimia kanisani. Kisha tukapiga kura, na shule ikabaki kwa tofauti ya kura nne. Mzee mmoja aliniambia alikuja kupiga kura ya kuunganishwa, akabadili mawazo mlangoni: “Shule yenye mtu wa kujisema hivyo, nitaifungaje?” Juni ile, Bwana Hruska alilirudisha sanduku lake la barua upande wetu wa barabara.

Ukanda wa buluu umepanda tangu hapo. Miaka mingine unaupita wa kahawia, mingine hauupiti, na yote imebandikwa ukutani.

Matokeo ya mwaka huu yatakuja Novemba, Bi Lavonne akiwa nyumbani kwake. Tumemwachia nafasi ukutani. Aje ayabandike mwenyewe, hata yakiwa mabaya. Mikate itakuwa tayari, na safari hii ndiyo nalipa deni la zile siku nane.

Asante, Lavonne. Pumzika, lima bustani yako, na uishi miaka mingi yenye afya na furaha. Kiti chako anakikalia Jolene Hruska, yule mkubwa wa wale watano. Nimekwenda mwenyewe kutazama sanduku lake la barua. Yuko upande wetu.