Titus Mwakisha, Aliyekuwa Mzee Festus

Titus Mwakisha alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1989 mjini Voi, mtoto wa kwanza wa hayati Sylus Mwakisha na mkewe Wakesho. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge, na mama yake alikuwa akipika chai na chapati kando ya barabara kuu pale Miasenyi, kwa madereva wa malori. Titus alipozaliwa hakulia. Mkunga alimgeuza huku na huku, naye akakunja uso tu, kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mama yake aliingiwa na hofu, na tangu siku hiyo hofu juu ya Titus haikumtoka, ingawa mara nyingi haikuwa na sababu.

Kazi ya Titus ilikuwa uchekeshaji. Jambo hilo linaandikwa mapema hapa kwa sababu lilikaribia kufutwa kwenye karatasi hii, na mama yake hakutaka mtoto wake azikwe na kazi ya mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi mjini Voi. Jioni alikuwa akimsaidia mama yake kubeba vikombe pale Miasenyi, na hapo ndipo alipoanza kuiga watu. Dereva akishuka kwenye lori akinyoosha mgongo, Titus alikuwa nyuma yake akinyoosha wa kwake vilevile. Mama yake alimkanya, "Titus, hao ni wateja, watakuzaba makofi!" Hakuna aliyewahi kumzaba. Wengine walianza kusimama Miasenyi hata kama hawakuwa na njaa, wakiuliza, "Yule kijana wa kutuiga yuko?"

Mwaka 2003 baba yake alifariki. Ndugu ya baba, Donald, alimchukua Titus akakaa naye Wundanyi, akamsomesha sekondari kuanzia 2004 hadi 2007. Familia haitasahau wema huo. Baba mdogo Donald alikuwa karani wa serikali, na milimani hakukuwa na kamati isiyomchagua mwenyekiti, iwe ya maji, ya kanisa, ya harusi au ya matanga. Kila mtu hapa anajua anavyozungumza. Husimama polepole, hufunga kifungo cha koti, hukohoa, kisha husema, "Kwanza kabisa." Baada ya maneno mengi mazuri husema tena, "Kwanza kabisa." La pili bado halijafika. Titus alikaa katika nyumba hiyo miaka minne akimtazama.

Baada ya shule alijaribu kuuza vipuri vya baiskeli Voi, akajaribu uchukuzi, na hakudumu popote. Mwaka 2011, katika sherehe ya vijana wa kanisa, aliazima koti kubwa na kofia ya pama, akainama kidogo, akapanda jukwaani kama mzee mmoja aitwaye Festus, mwenyekiti wa kila kamati duniani. Hakusimulia vichekesho kama wachekeshaji wengine wanavyofanya. Alikuwa mtu yule tu, kuanzia kiatu mpaka sauti. Aliendesha mkutano na watazamaji ndio waliokuwa wanakamati. Aliwachagulia vyeo, akawagombeza kwa kuchelewa, akamtuma mtu wa mstari wa mbele alete kiti. Na kila aliposimama alianza, "Kwanza kabisa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama yake hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma, macho yake kwa Donald, akingoja ajitambue katika koti lile. Donald alicheka kuliko wote. Alipotoka nje alimwambia, "Shemeji, huyo Festus namjua. Si yule mzee wa kule Mgange? Titus amemweza kabisa!" Mama yake aliitikia haraka kwamba ndiye yule yule. Kuanzia hapo, kila Titus alipopanda jukwaani na Donald yuko, mama alimtazama shemeji yake na hakutazama jukwaa.

Titus alifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Alifika Taveta, Mwatate, Mombasa na Nairobi. Huko Nairobi mwaka 2015 aliambiwa na waandaaji kwamba Mzee Festus anywe pombe kidogo jukwaani, apepesuke, watu wacheke haraka. Alikataa. "Mzee Festus ni mzee wa kanisa," aliwaambia. "Mkimlewesha, nitamwelezaje mama?" Akarudi Voi na koti lake.

Onyesho ambalo familia inajivunia zaidi lilikuwa Ndara, mwaka 2019. Ndovu walikuwa wameingia mashambani na kumaliza mahindi, na watu walikuwa na hasira. Titus alialikwa kuchangamsha mkutano wa kijiji. Mama yake alimsihi asiende, kwa sababu mtu aliyelala njaa hapendi kuchekeshwa. Titus alikwenda. Mzee Festus aliitisha kikao na ndovu. Aliwaambia wakae, akawaomba wasizungumze wote kwa pamoja, akamuuliza mkubwa wao kama alikuwa na barua ya kuingia shamba la watu. Kwenye mstari wa mbele aliketi mama mmoja, Ndunge, aliyekuwa amebakiwa na mabua matupu. Mama Titus hakumwondolea macho. Uso wa Ndunge ulikaza, ukakaza tena, kisha mama huyo akapiga paja akapaza sauti, "Mwenyekiti, waulize, hata mbegu hawakuniachia?" Mzee Festus akageuka kwa ndovu wake, akawangoja, akageuka kwa Ndunge. "Mama, wanasema jambo hilo tuliweke kwenye kikao kijacho." Ndunge alicheka mpaka akaketi chini. Mama Titus aliporudi nyumbani siku hiyo alilala usingizi, jambo lililokuwa nadra.

Titus alimwoa Lavender Awuor, binti ya Mzee Dishon, mstaafu wa reli hapa Voi. Kabla ya hapo, Agosti 2017, wazee walikwenda kwa Mzee Dishon kupeleka posa, na Donald ndiye aliyewaongoza. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba nzima ya Mzee Dishon ilikuwa imemwona Mzee Festus katika sherehe ya wastaafu wa reli mwezi uliotangulia.

Chai ilinywewa, salamu zikaisha. Donald akasimama polepole. Akafunga kifungo cha koti. Akakohoa.

"Kwanza kabisa," alisema.

Wakwe wakaangua kicheko. Shangazi za Lavender waliegemeana. Mzee Dishon alifuta machozi, akamgeukia Titus. "Kijana! Tulikuambia ulete wazee wako, wewe umetuletea wanafunzi wako wa uchekeshaji? Huyu amejifunza vizuri, lakini wewe ndiye bora!"

Titus aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Mama yake aliona mahari, ndoa na undugu vikielekea mlangoni. Alimsogelea mama ya Lavender akamnong'oneza, "Dada, huyo si mwigaji. Huyo ndiye mwenyewe."

Mama ya Lavender alimkanyaga mumewe mguu. Mzee Dishon alinyamaza papo hapo, akavua kofia, na kuanzia hapo alimsikiliza Donald kwa heshima ambayo haijawahi kuonekana katika posa yoyote, akiitikia "naam" kila baada ya neno. Mambo yalikubaliwa yote. Njiani kurudi, Donald alisema, "Wale ni watu wenye furaha sana. Mtoto ameingia pazuri."

Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 2 Desemba 2017. Mungu aliwajalia binti, Koki, mwaka 2019. Titus alikuwa baba mpole. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi, na wageni waliokuja kutafuta kicheko kwake waliishia kupewa chai na ukimya.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Akawa anakwenda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Mama yake aliandamana naye kila mara, akitazama mashine, akitazama rangi ya midomo yake, akimuuliza muuguzi maswali yale yale. Ilipofika saa ya tatu juu ya mashine, wakati wagonjwa huchoka na kukata tamaa, Titus alikuwa akikohoa kidogo pale kitandani. Wenzake walijua. "Mwenyekiti, fungua kikao," walisema. Naye Mzee Festus aliifungulia kikao mashine yake, akaiuliza kwa nini inapiga kelele bila kuinua mkono. Alipanda jukwaani mara ya mwisho Machi mwaka huu, hapa Voi, akiwa ameketi kwenye kiti. Mwezi wa Mei alidhoofika sana. Alilala Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 36, mkewe na mama yake wakiwa kando yake.

Kikao cha matanga kilipokuwa kikiandaa programu hii, baba mdogo Donald, mwenyekiti, alisema kwenye kazi iandikwe "mfanyabiashara".

"Aliuza nini?" mama Titus aliuliza.

"Shemeji, haya ni mazishi. Na askofu yuko."

"Nimeuliza aliuza nini."

"Vipuri vya baiskeli," Donald alisema. "Hata wewe unakumbuka."

"Aliviuza mwezi mmoja, na vikamshinda."

Wazee walitazama chini. Ikaonekana kwamba neno la mwenyekiti litapita. Mama Titus aliinuka akamfuata Donald jikoni, alikokwenda kunywa maji. Hakujua afanye nini. Akisema ukweli wa koti lile, angemwumiza mtu aliyemlea mtoto wake. Asiposema, Titus angeingia kaburini kama muuza vipuri. Donald ndiye aliyeanza.

"Siku ile kwa Mzee Dishon, unadhani sikuelewa?"

"Nilielewa palepale. Wiki iliyofuata nilikwenda Mwatate peke yangu, nikasimama nyuma kabisa nimtazame vizuri. Kumbe ndivyo ninavyofunga kifungo."

"Ulikasirika, Shemeji?"

"Nilikasirika mpaka nikakaribia kutoka. Kisha nikaona watu wanamsikiliza. Mimi kwenye mikutano yangu watu husinzia. Yeye amesimama vile vile, na maneno ni yale yale, lakini wamemkodolea macho wote." Akaweka kikombe chini. "Sikumwambia. Niliona akijua nimejua, atamwacha Mzee Festus."

"Basi kwa nini hutaki iandikwe?"

"Kwa sababu mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya ukoo. Mkisoma habari za Mzee Festus, halafu mimi nisimame pale kando ya jeneza la mtoto, watamwona yeye. Watacheka, Mama Titus. Nitamzikaje watu wakicheka?"

"Wakimwona yeye," mama Titus alisema, "si ndicho tunachokitaka sote?"

Donald alirudi kwenye kikao, akasimama, na mbele ya wazee wote akamwambia karani, "Futa mfanyabiashara. Andika mchekeshaji. Na habari ya posa iandikwe pia, na haya tuliyosema jikoni, yote, msinifiche." Hii ndiyo sababu wasifu huu umesomwa kama ulivyosomwa.

Titus amemwacha mkewe Lavender Awuor na binti yao Koki; mama yake Wakesho; dada yake Shanice; baba mdogo Donald na familia yake; wakwe zake Mzee Dishon na mkewe; wenzake wa chumba cha mashine, ambao wamekuja leo kwa shida na familia inawashukuru; na watu wengi wa kaunti hii ambao aliwahi kuwachagua wanakamati bila ridhaa yao.

Mungu ampe Titus kupumzika, na aondoe uchovu wote katika mwili wake.

Baba mdogo Donald sasa atasimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Amesema yuko tayari. Ameomba jambo moja tu: atakayecheka acheke, asizibe mdomo.