Mama Yetu, Sista Mbeleko

Ndugu, majirani na wote mliofika kumsindikiza mama, nasoma kwa niaba ya familia, mimi mtoto wake wa mwisho, na mtanisamehe nikienda haraka, mtoto wangu yuko humu kifuani, ndani ya nguo, na naogopa kusimama muda mrefu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1966, mtoto wa pili wa fundi saa, akasoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1988 akahitimu uuguzi, akapangiwa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye mashine mbili za kuwatia watoto joto, moja nzima, nyingine ya kutundikia mataulo.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na baba, karani wa hospitali hiyo hiyo, wakajaliwa kaka yangu mwaka 1996 na mimi mwaka 2001.

Mwaka 1998 ile mashine nzima nayo ilikufa, mama akawavua watoto nguo, akawaweka ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao, akawafunga kwa mbeleko upande wa mbele, wakapona, tena wakanenepa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Matroni alisema huo ni uchafu, daktari akasema haumo kwenye mwongozo, wenzake wakamwita Sista Mbeleko, wakawa wanamuuliza kuku ameangua wangapi leo. Alipoitwa kikaoni aombe radhi aliwajibu, watoto wako hai, nendeni mkawaulize wao. Ndugu walitaka niandike kwamba alihamishiwa idara nyingine, lakini jamani, mama alifukuzwa wodini, akapelekwa kufua mashuka, akayafua mpaka akastaafu. Baba, ambaye yupo hapa, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, sikatai, uko sahihi, ila ungekuwa sahihi kama wenzako." Hata mtaani, aliyejifungua alifunga mlango akimwona mama anakuja.

Miaka ikapita, ikaletwa semina, na wataalamu, na mabango, kufundisha jambo lile lile, na mama aliitwa, ndiyo, aliitwa kutandika vitambaa vya meza. Hakuna aliyemwambia samahani, hata kwa kukohoa.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 11 Machi, na wiki hiyo hiyo mimi nikajifungua kabla ya wakati, akamfunga mjukuu wake kifuani kwangu kwa mikono yake mwenyewe, sindano ya dripu ikiwa bado imechomekwa mkononi mwake, akaniambia, "Usimweke chini mpaka yeye akuchoke." Alifariki tarehe 29 Machi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutuazima viti, na wenzake wa chumba cha kufulia, waliofika wote. Shangazi zangu nanyi nawashukuru, lakini tangu asubuhi mnaniambia nimlaze mtoto kitandani kwenye blanketi, nisiwafanyie ya mama yangu, na mimi naogopa, kwa sababu aliyekuwa akinitetea ndiye huyu tunayemzika, na mtoto hata kilo mbili hajafika. Naomba tukirudi kutoka makaburini mtu yeyote asininyooshee mikono kumpokea.

Mama, pumzika kwa amani, huku niachie mimi.