Mashine Arobaini za Binti wa Kisigino

Benchi letu la kahawa liko mbele ya kibanda cha Kisigino, fundi viatu, na mguu mmoja wa benchi umewekewa soli kuukuu. Wiki hii mpira hauzungumzwi. Binti yake yuko chuo kikuu, anapiga hesabu za mafuriko kwa kompyuta za chumba kizima ambazo chuo kinazitumia kwa pamoja: unatuma kazi, unaandika unataka mashine ngapi na kwa muda gani, unapanga foleni. Kazi yake imekwama foleni siku ya nne leo, na Ijumaa lazima apeleke majibu mbele ya walimu. Tunajivuna naye sote, hata mimi ninayeshindwa na simu yangu mwenyewe.

KISIGINO: Ameomba mashine arobaini! Arobaini, jamani! Mtoto niliyemlea kwa gundi na nyundo!

WAYA (fundi umeme): Uzito ndio huo. Angeomba mbili wangemdharau.

KISIGINO: Si mimi niliyemwambia? “Mwanangu, usijidunishe. Omba nyingi, wajue umetoka kwa nani.”

REFA (mwamuzi wa ubishi wote, hata asioujua): Safi. Mkono mtupu haulambwi.

MIMI: Sasa mbona haianzi?

WAYA: Arobaini haziwashwi hivi hivi, bwana. Mtaa mzima utakosa umeme!

REFA: Wapi! Wakubwa wa chuo wanapiga kura kwanza. Mchumia juani hulia kivulini.

WAYA: Jua gani? Chumba chenyewe kina baridi kama friji.

REFA: Kivuli ndicho hicho!

KISIGINO: Eti wenzake waliokuja nyuma wameshamaliza. Wameomba mbilimbili. Vikazi hivyo! Mwanangu hasukumani na watu wa mbilimbili.

Mwisho wa benchi alikuwapo mama mmoja, mguu peku, akisubiri kiatu chake. Akaweka kikombe chini.

MAMA: Samahani, kaka zangu. Kwani hiyo kazi inahitaji mashine ngapi?

Refa akamtazama Waya, Waya akatazama kahawa yake. Kisigino akapiga simu, sauti tukaisikia sote.

— Mwanangu, kazi yako inahitaji mashine ngapi hasa?

— Mbili, baba. Kwa masaa matano tu. Ila foleni inangoja zote arobaini zipatikane kwa mpigo.

— Na hizo thelathini na nane?

— Hizo zako, baba. Niliogopa kukuvunja moyo.

Kisigino akafuta uso kwa kitambaa cha rangi ya viatu, akajipaka weusi shavuni.

— Zirudishe, mwanangu. Zirudishe sasa hivi.

REFA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, amepatia.

Kahawa haijaisha, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa neno moja: “Imeanza.” Kisigino akasimama, kiatu cha yule mama mkononi, shavu jeusi, macho yamelowa.

KISIGINO: Mmeona? Wengine wangetaka arobaini. Mwanangu mbili zinamtosha!