Gunia la Mabuyu

Tuktuk ilipotoka Ziwa la Ng'ombe, gunia la mabuyu lilikuwa tayari limenilalia miguuni. Mwenyewe alikuwa mama wa Kigiriama, amebanwa katikati yetu, anasinzia. Dada mmoja aliyevaa nguo za ofisini, upande wake wa pili, alilitazama gunia, akatoa simu.

“Mama, unajua hii kitu iko na vitamini kushinda machungwa? Imeandikwa hapa. Ng'ambo wanakunywa unga wake kila asubuhi.”

Kiswahili cha bara, lakini habari yenyewe ilinifanya nisahau miguu.

Mama akafumbua macho. “Sisi twayala mwaka wa njaa, mwanangu. Mvua ikinyesha twapika chakula.”

“Usiuze yote. Wekea watu wa nyumbani.”

“Nyumbani kuna mgonjwa. Binti yangu ana mimba ya miezi saba, damu imepungua. Kliniki wamempa vidonge, wakasema ale na machungwa. Nikishauza haya, hayo machungwa ndiyo nitakayonunua.”

Dada akarudi kwenye simu, akasoma tena polepole. “Lakini mama, hii ni sawa na machungwa. Hata inashinda.”

“Daktari hakutaja mabuyu.”

“Pengine hakufikiria.”

“Alisoma miaka mingi, yule. Wewe umesoma tangu Ziwa la Ng'ombe.”

Tukafika soko la Kongowea. Mchukuzi akalivuta gunia kabla hatujashuka sote. Mama akanigeukia mimi, akaniuliza machungwa yanauzwa upande gani.

Nikamwonyesha.