Mbele ya Gokati Ni Wapi?

Hivi wewe, umeshawahi kusomea injini miaka mitano, kisha ukakuta watu watatu waliobobea kwenye kukaa benchi wamekufungia injini yako? Basi mwonee huruma Vukica. Benchi lenyewe liko mbele ya duka la Milunka, hapahapa Gornji Vrbak, kijiji cha Serbia. Manispaa hulipaka rangi kila mwaka wa uchaguzi, na limepinda katikati kwa uzito wa wajuaji. Siku ya Mtakatifu Petro walikuwepo Dizel, fundi wa mapawatila, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mikono. Radar, mstaafu wa jeshi aliyekuwa mtu wa redio. Na Profesa, aliyefundisha jiografia mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Saa nane mchana palikuwa na mashindano ya gokati, vile vigari vya kiti kimoja na matairi ya kukanyagia matope. Mkuu wa manispaa alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti: atakayemaliza mizunguko mitatu na gokati iliyoundwa kijijini kwao, kazi anayo kwenye karakana ya manispaa. Vukica alikuwa na shahada ya uhandisi kutoka chuo kikuu cha Niš na barua kumi na saba za manispaa zinazosema hana uzoefu wa vitendo. Fremu aliichomelea mwenyewe. Injini ya kwanza ilipasuka Jumatano. Asubuhi ya sikukuu Dizel akajitolea kumpa ile ya pawatila lake, Vukica akaenda nyumbani kutafuta spana namba kumi na tatu, akakaa huko saa moja na ushei. Aliporudi, injini ilishafungwa.

DIZEL: Usiseme asante. Kunywa kahawa kwanza.

VUKICA: Mjomba Dizel, nani kagusa hapa?

DIZEL: Kagusa? Nimemaliza kazi, wewe! Cheni imekaza, klachi imekaa, petroli imo. Halafu nati zote nimezichomelea.

VUKICA: Umezifanya nini?

DIZEL: Nimezichomelea. Injini ya pawatila inatikisika kama mlevi harusini. Sasa haitikisiki.

RADAR: Lije tetemeko la ardhi, kijiji kitaondoka, injini itabaki.

Vukica alimeza maneno matano aliyojifunza chuoni nje ya darasa. Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikaanza kuimba. Akakaa, akakanyaga mafuta. Gokati ikaruka kinyumenyume kama mtu aliyemwona mama mkwe barabarani, ikapita juu ya kreti la pilipili hoho, ikajibamiza kwenye friji ya aiskrimu.

MILUNKA: Pilipili zangu! Nimezipanga tangu alfajiri!

DIZEL: Tulia, Milunka. Hiyo ni petroli. Ilikaa kwenye dumu tangu Pasaka, imechoka, haina ari ya kwenda mbele.

RADAR: Petroli wapi! Tazama ule mnara kilimani. Tangu waweke antena mpya, saa yangu inachelewa na mbuzi wa jirani yangu Stojan analala mchana. Mawimbi yanaipiga plagi, cheche inatoka kinyume.

PROFESA: Nyinyi mlikuwa mnasinzia darasani kwangu. Dunia inazungukia mashariki. Gokati ilikuwa inatazama magharibi. Mnashindana na dunia? Igeuzeni itazame kanisa, mashariki.

Wakaigeuza. Vukica, kwa kuwa saa ilikuwa saba na robo na akili imeshaanza kumhama, akakanyaga tena. Gokati ikalikimbia kanisa, kinyumenyume, mpaka mlangoni kwa posta.

RADAR: Ahaa! Dizel, hili pawatila lako uliwahi kulima nalo Jumapili?

DIZEL: Mara moja tu! Mvua ilikuwa inakuja!

RADAR: Ndiyo hivyo. Linaliogopa kanisa.

PROFESA: Aitwe padri.

MILUNKA: Padri yuko kwenye supu ya samaki, na hatoki mpaka sufuria iishe.

Vukica hakuwasikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, anaitazama kamba ya kuwashia. Kwenye mchoro wake kamba ilikuwa kulia. Hapa ilikuwa kushoto.

VUKICA: Kamba imehamiaje upande huu?

Dizel alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

DIZEL: Wewe si unatumia mkono wa kushoto?

VUKICA: Ndiyo.

DIZEL: Basi. Tukasema, mtoto ataanza mashindano anajipinda kutafuta kamba? Tukaigeuza injini yote. Na lile gurudumu la meno kwenye ekseli tukalihamishia upande wa pili. Mgongo wangu mpaka sasa hauongei na mimi.

VUKICA: Mjomba, ukiigeuza injini, shafti inazungukia upande mwingine.

DIZEL: Kwenye pawatila kuna gia ya kurekebisha.

VUKICA: Hapa hakuna gia!

DIZEL: Ndiyo… hilo naliona sasa hivi.

Vukica alikuwa na matusi tayari, kwa Kiserbia, kwa Kijerumani cha kuombea kazi nje, na mengine ya kihandisi. Lakini mkono wa kushoto? Walikumbuka mkono wake wa kushoto? Manispaa haijawahi kukumbuka hata jina lake. Barua tatu zilikuja zimeandikwa "Bwana". Akaanza kucheka. Milunka akacheka. Wakacheka wote mpaka Profesa akamwaga kahawa kwenye suruali ya sikukuu.

VUKICA: Haya, tukate hizo nati. Grinda iko wapi?

DIZEL: Grinda ipo. Diski ya mwisho niliimalizia kulainisha hizohizo nati. Zipendeze.

Na maduka yote ya vifaa yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu. Hapo ndipo alipofika karani wa manispaa, mgeni kabisa pale kijiweni, ana fomu, kalamu na karatasi ya gundi yenye namba saba.

KARANI: Namba inabandikwa mbele. Mbele ni wapi?

Radar alimtazama Profesa. Profesa akautazama mnara. Dizel akanyoosha kikombe aongezewe kahawa. Birika la Milunka lilikuwa tupu, hakuna hata pa kujifichia.

VUKICA: Kanuni zenu zinasema mbele ni wapi?

KARANI (akipekua karatasi): Hazisemi.

VUKICA: Mbele ni kule inakokwenda. Bandika hapo nyuma.

Alishindana shingo imepinda kama bata. Benchi lote lilikimbia pembeni mwa njia.

DIZEL: Kushoto! Kushoto!

RADAR: Kushoto kwake au kwetu?

PROFESA: Mashariki, mwanangu! Kata mashariki!

Akaenda mashariki, akatoka kwenye tope akiwa mweusi mpaka kwenye kope. Akamaliza wa nne kati ya watano. Wa tano alikwama mzunguko wa kwanza na alikuwa bado anaendelea kukwama. Lakini mizunguko ilikuwa mitatu, na karani aliiandika. Vukica hakuzima injini. Akaendesha kinyumenyume moja kwa moja mpaka jukwaani, alipokaa mkuu wa manispaa na sahani ya nyama.

MKUU: Lakini binti… si umekwenda kinyumenyume?

VUKICA: Manispaa hii imekwenda kinyumenyume miaka kumi, bwana mkuu, na ninyi mko kazini. Mimi nimekwenda mizunguko mitatu tu, tena nimefika. Uzoefu wa vitendo mlioniandikia barua kumi na saba kuutaka, huu hapa, bado unatoa moshi. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni pa karakana. Leteni ufunguo. Leteni mkataba, na safari hii muandike "Bibi". Na leteni diski mpya ya grinda!